Tuanze na sufuria, rangi zitafuata

Mhariri,

Juma hili mmetuuliza: mtoto wa Gredi ya 7 afundishwe nini kwanza katika sanaa, rangi, kazi za mikono au kuchora? Mimi nasema kuchora, tena kuchora kitu kilichopo mbele ya macho yake, wala si picha ambayo mwalimu ameichora ubaoni ili darasa zima liinakili.

Sababu ni umri. Mtoto mdogo huchora bila woga. Akifika miaka 12 au 13 anaanza kujikagua. Anaona wazi kwamba mkono aliouchora haufanani na mkono, na hapo ndipo wengi hutamka "mimi sijui kuchora" na kuiweka penseli chini moja kwa moja. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alilieleza badiliko hili tangu 1947. Mtoto wa umri huu hasaidiwi na sifa za bure. Anataka kuonyeshwa namna ya kufanya.

Weka sufuria juu ya dawati. Karibu kila mtoto atachora mdomo wa sufuria wenye ncha mbili kali pembeni, kisha kitako akipige mstari ulionyooka. Anajua kwamba sufuria imekaa juu ya dawati bapa, basi anachora anachokijua badala ya anachokiona. Usimsahihishe. Mwambie aiinue hadi usawa wa macho: mdomo unageuka mstari. Aishushe polepole: duaradufu inafunguka, inanenepa, na akiitazama kutoka juu kabisa ni duara kamili. Pembeni hakuna ncha popote. Kitako nacho kimepinda, tena zaidi kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya macho yake. Nimewaona watoto wakigombania sufuria kila mmoja aone mwenyewe, na mchoro wa pili huwa tofauti kabisa na wa kwanza.

Baada ya hapo mengine hufunguka: kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kupima urefu kwa penseli, kuchora nafasi tupu zilizo kati ya miguu ya kiti badala ya kiti chenyewe, kutia kivuli kwa ngazi tano kutoka nyeupe hadi nyeusi. Mkaa wa jikoni watosha kwa kivuli. Raba mimi hukusanya zote mwanzoni mwa kipindi. Mtoto mwenye raba hufuta mstari uleule mpaka karatasi itoboke, ilhali mstari uliokosewa ukiachwa humwonyesha ule sahihi upite wapi. Rangi zije baadaye, na ziwe tatu tu, nyekundu, manjano na buluu, ili atafute mwenyewe hudhurungi ya ngozi yake.

Wapo wanaohofu kwamba mazoezi haya yataua ubunifu. Hofu hiyo si ya jana. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka kuwabebesha wanafunzi mazoea ya shule za Ulaya. Aliwasimulia tukio, nao wakalichora kutoka akilini. Namheshimu sana, na masimulizi nayatumia darasani. Lakini mtoto anayetaka kumchora nyanya yake akitwanga atakwama penye kiwiko kama hajawahi kukitazama kiwiko kikikunjwa. Hapo fikra ipo na mkono haujui pa kwenda.

Kinachoniuma ni muda. Tangu 2024 hapa Kenya kuchora, muziki, maigizo na michezo vimo ndani ya somo moja, Sanaa Bunifu na Michezo, na shule nyingi nizijuazo mpira ndio humeza vipindi. Wakati huohuo, mwisho wa Gredi ya 9 mtoto huyu anatakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Atauchaguaje ikiwa hajawahi kufundishwa kuchora hata kikombe? Wakuu wa shule watenge kipindi kimoja cha dakika 40 kila wiki kwa ajili ya kuchora tu, na wanunue karatasi zisizo na mistari pamoja na penseli laini za 2B mwanzoni mwa muhula, kabla fedha hazijaisha.

Mwalimu wa sekondari ya msingi, Kilifi