Eti divai zote ladha moja? Hapana bwana

Wewe uliyeuliza kama divai zote si uchachu tu na mbwembwe, ngoja nikupe za kwangu chapchap. Riesling, divai nyeupe ya Mosel, Ujerumani: limau limechovywa kwenye asali, na zingine zina alkoholi asilimia 8 tu hivi, unakunywa unajiona mtu mwema. Sauvignon Blanc, nyeupe pia, ya Marlborough, New Zealand, hiyo inakupigia kelele hata hujaifikisha puani, majani yamekatwa sasa hivi na pasheni juu yake. Malbec, divai nyekundu ya Mendoza, Argentina, ni plamu zilizovaa koti la ngozi, haina makuu. Sasa Barolo, nyekundu ya Italia, ndo mtihani, ukiitazama kwenye glasi imepauka kama chai ya rangi unasema aah hii nyepesi, weka mdomoni sasa, fizi zinakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, ila subiri kidogo nyuma yake inakuja harufu ya waridi na lami, ndiyo, lami ya barabarani, na usishangae ukaomba nyingine. Pinotage ya Afrika Kusini, nyekundu ya aina ya zabibu iliyozalishwa 1925 kwa kuchanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut: moshi na matunda meusi, wajuaji wanainunia mi naimimina tu.