Lenzi ya kioo cha kuakisi ya milimita 500: usikubali wakukatishe tamaa

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nimepata lenzi ya Kirusi ya 500, ya kufunga kwa hesi, ila wapiga picha wa huku wanasema ni chuma chakavu. Ninunue? Na adapta, ile pete ya kuiunganisha na kamera, nitumie ipi?"

Nunua, mdogo wangu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Mwezi huu nyumba moja ya wageni hapa Kigoma imenunua picha yangu ya furukombe, yule tai mla samaki, na kuitundika mapokezi. Ndege ametua kwenye gogo, kambana samaki mgebuka kwa kucha, na matone ya maji unayaona yakining'inia kwenye manyoya ya kifua. Wageni wanauliza nilitumia lenzi gani. Nawajibu kwa fahari: MTO-500, niliyoikuta kwa fundi redio mtaa wa Mwanga, pembeni imechongwa "Grand Prix Brussels 1958". Mpiga picha niliyembebea mabegi kwenye harusi za watu aliishika mbele ya wateja, akaiita sufuria. Sikumjibu. Bado inaniuma.

Wanaoidharau hawajui inavyofanya kazi. Mwanga unaingia mbele, unagonga kioo kikubwa cha kuakisi kilicho nyuma, unarudi kwenye kioo kidogo cha katikati, kisha unapenya tundu la kile kikubwa hadi ndani ya kamera. Safari ya mwanga imekunjwa, ndiyo maana lenzi ni fupi na inaingia kwenye begi la kawaida. Mpango huu ni wa Mrusi Dmitri Maksutov, aliyeubuni mwaka 1941 kwa ajili ya darubini. Lenzi mpya ya 500 yenye fokasi otomatiki na apacha (tundu la kupitisha mwanga) kubwa ni bei ya pikipiki kadhaa. Sisi wa mwisho wa reli tuitoe wapi?

Ila ujue tabia zake. Apacha ni f/8 tu, haifunguki wala haifungi. Fokasi ni ya mkono. Kwenye kamera ya sensa ndogo (kile kibamba kinachonasa picha), ile 500 inaona kama 750 au 800, kwa hiyo mtikisiko kidogo tu unaharibu kila kitu. Weka stendi, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ipandishe bila woga. Kuza picha kwenye skrini ya nyuma, zungusha pete taratibu mpaka jicho la ndege likate, yaani lionekane wazi kabisa. Fokasi ni jicho. Jicho likiwa laini, futa picha.

Na hapa kwetu jambo kubwa ni saa. Ziwa Tanganyika liko magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linatoka mgongoni mwako, juu ya vilima, na kumwangaza ndege aliye majini. Fika ufukwe wa Kibirizi wakati wavuvi wanaanika dagaa, furukombe hawako mbali. Mchana joto linafanya hewa icheze juu ya maji, na hakuna lenzi itakayokuokoa. Jioni jua liko usoni: picha inapauka, na kila kimetameta cha maji nyuma ya ndege kinageuka pete nyeupe, kwa sababu kioo kidogo kimeziba katikati ya mwanga. Watu wanaziona pete hizo wanasema lenzi mbovu. Wewe sogea hatua mbili, mweke ndege mbele ya kilima chenye kivuli, pete hazipo. Kiangazi, moshi wa mashamba ukifunika milima ya Kongo, achana na picha za mbali. Piga walio karibu.

Vijana, acheni kusubiri vifaa vya watu wa Dar. Amka alfajiri, kaa palepale, jifunze ndege mmoja mpaka ujue atatua wapi. Fokasi ni jicho, nimesema.

Umeuliza pia kuhusu adapta. Hesi ya M42 ina kipenyo cha milimita 42, na lenzi inakaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu au sensa. Kwa Canon EOS inatosha pete ya bei rahisi. Nikon ya DSLR (yenye kioo ndani) ina nafasi ndefu zaidi, milimita 46.5, kwa hiyo pete tupu, isiyo na lenzi ndani, haitakufikisha kwenye vitu vya mbali. Kamera zisizo na kioo ndani hazina shida hiyo, ila ruhusu kwenye menyu ipige bila kutambua lenzi. Kabla hujatoa hela, mulika ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi za ukungu kama utando wa buibui au mabaka kwenye kioo cha nyuma, mrudishie mwenyewe, na usikubali fundi yeyote akifute kwa kitambaa.