Flashi Inayodai Imejaa Ilhali Haionyeshi Kitu

Katika stesheneri ninapofanya kazi tunatumia mfumo endeshi wa Linux Mint wenye mazingira mepesi ya eneokazi yaitwayo Xfce, na mafaili ya wateja tunayafungulia katika Thunar, programu nyepesi ya kusimamia mafaili isiyoelemea mashine kuukuu. Lalamiko ninalolisikia mara kwa mara ni la mteja aliyefuta kila kitu kwenye flashi yake, naye haoni faili hata moja, lakini kila akijaribu kuongeza kazi mpya anaambiwa kwamba nafasi haitoshi.

Ukibonyeza kitufe cha Delete, faili halifutwi papo hapo bali huhamishiwa kwenye kapu la taka, na kapu la flashi hukaa ndani ya flashi yenyewe, aghalabu katika folda iitwayo .Trash-1000. Nambari hiyo ni ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta, na nukta iliyotangulia jina ndiyo inayoificha folda. Bonyeza Ctrl pamoja na H, nayo itajitokeza, kisha ifute kwa Shift na Delete, ukiwa umehakikisha kwanza kwamba humo hamna unachokihitaji, kwa sababu kilichofutwa hivyo hakipiti tena kapuni. Ni rahisi zaidi kuondoa taka kapuni kabla hujachomoa flashi.

Wapo pia wanaoleta flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya Windows yenye virusi, folda zao zote zikiwa zimegeuka njia za mkato. Kwa kawaida kazi zao hazijapotea. Virusi hivyo huzitia folda alama ya kufichwa inayotambuliwa na Windows, ilhali Thunar haiangalii alama hiyo, kwa hiyo folda halisi huonekana bila taabu, wakati mwingine zikiwa zimerundikwa katika folda isiyo na jina. Nakili hizo peke yake, na mafaili yanayoishia na .lnk, yaani hizo njia za mkato, yaache hukohuko.

Jambo ambalo wateja wenye haraka hawapendi kulisikia ni kusubiri. Linux huweza kushikilia data kwenye kumbukumbu kabla ya kuiandika kwenye flashi, hivyo mstari wa kunakili unaweza kukamilika huku kazi bado inaendelea. Bofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, upande wa kushoto, na usiichomoe mpaka ujumbe utokee kwamba ni salama kufanya hivyo, hata kama nyuma yako kuna foleni.