Shangazi, mume wangu ni mwanamieleka na sasa anataka kuwa mwanamuziki. Nimwambie achague?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 36, na ninaishi Atlanta, Marekani, pamoja na mume wangu ambaye wazazi wake ni Wakongo wa Bukavu. Tumeoana miaka 9 na tuna watoto wawili. Mume wangu ni mwanamieleka wa kulipwa, lakini si miongoni mwa wale mnaowaona kwenye televisheni; anapigana katika maonyesho madogo ya mwisho wa wiki, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka 18. Tangu mwaka juzi ameanzisha bendi. Katikati ya wiki hujifungia kwenye banda la gari na gitaa, pamoja na mwanamke mmoja anayeimba naye, na mume wa mwanamke huyo ambaye hupiga dramu. Ijumaa huondoka kwenda ulingoni na kurudi Jumapili alfajiri akiwa hawezi hata kuinua mkono. Siku hizi anaingia ulingoni kwa wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili, unaoitaja Tanga, jambo linalozidi kuniaibisha. Mavyaa anaishi nasi na ndiye anayempa kichwa. Hakuna cha maana anachokipata katika kazi zote mbili. Mwaka huu amemaliza paa la nyumba ya mama yangu tu. Watu wananiuliza mume wangu anafanya kazi gani, nami sijui niseme nini. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Nimempa hadi mwisho wa mwezi achague: mimi, ulingo au gitaa. Je, nimekosea?
— Mke aliyechoka, Atlanta

Marahaba, mwanangu. Kulea watoto wawili ugenini, kila Ijumaa na Jumamosi ukiwa huna mwenzako, ni mzigo, na sitakudanganya kwamba ni mwepesi. Pole. Lakini umeniuliza kama umekosea, na jibu langu ni kwamba umekosea, tena umemkosea mtu ambaye kwa maelezo yako mwenyewe hajakufanyia ubaya wowote.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikaanza kuona maneno ambayo pengine hukukusudia niyaone. Umeandika kwamba mumeo hujifungia na mwanamke, halafu, baada ya mkato mdogo, ukaongeza kwamba mume wa mwanamke huyo naye yumo humo humo akipiga dramu. Kama ungekuwa na shaka ya kweli juu ya huyo mwanamke, usingemtaja mumewe. Ulimtanguliza yeye ili mimi nishtuke, kisha uaminifu wako ukakushinda ukasema ukweli wote. Nakushukuru kwa uaminifu huo, lakini jambo la mwanamke nimelifunga hapo.

Umeandika pia kwamba hakuna cha maana anachokipata, na katika sentensi inayofuata ukasema amemaliza paa la nyumba ya mama yako "tu". Mwanangu, neno hilo moja limenikaa moyoni. Mama yako analala Tanga bila kuvujiwa masika yakija, na kila bati lililo juu yake limelipiwa na mgongo wa mkwe wake. Sijui kama umewahi kuambiwa ulingo wa mieleka umetengenezwa kwa nini. Sakafu yake ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, juu ya mbao kuna tabaka jembamba la sponji, na juu ya sponji ni turubai. Mwanamieleka hufundishwa kuangukia mgongo wote kwa pamoja, kidevu amekibana kifuani ili kisogo kisigonge, na mikono aitandaze ili mshindo usambae mwilini. Watu hucheka wakisema mshindi amepangwa tangu mwanzo. Ni kweli amepangwa, lakini mbao haziambiwi. Mtu anayeanguka hivyo mara kadhaa kila Jumamosi kwa miaka 18, kisha akarudi alfajiri asiweze kuinua mkono, huyo ametoka kazini, na wahenga hao hao uliowataja walisema kazi mbi si mchezo mwema.

Sasa tuje kwenye hiyo methali yako. Mshika mbili moja humponyoka, ndiyo, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyeshika vitu viwili vinavyovutana, kimoja kinakwenda mashariki na kingine magharibi. Mieleka na muziki havivutani. Tangu miaka ya 1940 mwanamieleka wa Marekani aliyejiita Gorgeous George alikuwa akiingia ulingoni huku muziki ukipigwa, na leo karibu kila mwanamieleka wa kulipwa ana wimbo wake wa kuingilia. Mavyaa wako analijua hilo bila kufundishwa na mtu, kwa sababu kwao Kongo mchezo huo huitwa kachi, na Kinshasa wacheza kachi hupitishwa mitaani na bendi ya matarumbeta na ngoma kabla ya pambano, watoto wakiwakimbilia nyuma. Kwa mama huyo, mwanawe kushika gitaa baada ya miaka mingi ya mieleka si wazimu hata kidogo. Wewe unasema anampa kichwa. Mimi naona ni mzazi aliyemwelewa mtoto wake mapema kuliko wewe ulivyomwelewa mumeo, na katika jambo hili niko upande wake waziwazi.

Nitakupa mfano wa mwanamieleka ambaye bendi yake imeanzia karibu na mlango wako. Chris Jericho alipigana pambano lake la kwanza Oktoba 1990 katika mji mdogo wa Ponoka, huko Kanada. Mwaka 1999, mwaka ule ule alioingia katika kampuni kubwa ya mieleka iliyokuwa ikiitwa WWF, alianza kuimba pamoja na mpiga gitaa Rich Ward katika bendi iliyokuja kuitwa Fozzy, na bendi hiyo ni ya hapo hapo Atlanta unapoishi. Mwanzoni walikuwa wakipiga zaidi nyimbo za watu wengine. Desemba 2001 aliwashinda wanamieleka mashuhuri The Rock na Stone Cold Steve Austin katika usiku mmoja, jina likawa kubwa, lakini bendi hakuiacha. Agosti 2005 aliondoka ulingoni, akakaa nje hadi Novemba 2007, akaupa muziki na mambo yake mengine nafasi, kisha akarudi. Wimbo wa bendi hiyo ambao watu wengi zaidi wanaujua, "Judas", ulitoka mwaka 2017, yaani miaka 18 baada ya kuanza. Alipokuwa bingwa wa kwanza wa AEW, kampuni ya mieleka iliyokuwa mpya mwaka 2019, wimbo huo ndio uliokuwa ukimwingiza ulingoni, na watazamaji walikuwa wakiuimba kwa sauti moja hata muziki wenyewe ulipokwisha kuzimwa.

Sikuelezi haya ili uamini kwamba mumeo atakuwa tajiri kama huyo. Huenda asiwe, na ndoa haijengwi juu ya ahadi ya utajiri. Nakueleza ili uone mpangilio wake. Bwana huyo hakulazimishwa kuchagua kitu kimoja akizike kingine. Kuna wakati alikiteremsha kimoja mekoni, kingine kikaendelea kuiva, kisha akakirudisha. Na kuna aliyepita njia hiyo kwa upande wa pili. Jimmy Hart alianza kama mwimbaji wa bendi ya Memphis iitwayo The Gentrys, ambayo wimbo wake "Keep On Dancing" ulifika nafasi ya 4 Marekani mwaka 1965, na baadaye akaingia kwenye mieleka kama meneja, akawa anawatungia wanamieleka nyimbo zao za kuingilia. Muziki ulimpa kazi ulingoni kwa miaka mingi bila kulazimika kuanguka kila wiki.

Hapo ndipo ninapotaka utulie ufikiri. Mumeo ana umri gani? Hukuniambia, lakini miaka 18 ya ulingo si ya kijana. Anajua mwenyewe, kila alfajiri anapoweka barafu begani, kwamba mgongo huo hautamfikisha uzeeni akiwa bado anaangushwa. Gitaa anaweza kulishika akiwa na miaka 60, amekaa kitini. Wewe unaliona gitaa kama mke wa pili aliyeingizwa nyumbani kwa siri, nami naliona kama shamba ambalo mtu mwenye busara ameanza kulilima kabla shamba la kwanza halijachoka.

Na sasa nitakuambia ninachodhani ndicho kinachokuuma, kwa sababu ukweli usiposemwa hapa utasemwa siku ambayo umechelewa. Umeandika "watu wananiuliza". Umeandika kwamba wimbo wake "unakuaibisha". Hukuniambia kwamba mumeo anakupiga, anakutukana, anakunyima matumizi au analala nje bila sababu. Ulichoniambia ni kwamba hujui useme nini ukiulizwa kazi yake. Mwanangu, hukuchoshwa na muziki. Unaona haya ya mieleka, na haya hiyo umeishi nayo miaka yote 9. Ulipoolewa naye alikuwa tayari mwanamieleka wa miaka mingi, ukanyamaza, pengine ukawaambia wenzako kwamba anafanya kazi nyingine. Ilimradi alikuwa mwanamieleka tu, siri ilifichika, maana maonyesho madogo hayafiki Tanga. Nyimbo ndizo zinazosafiri. Wimbo wa Kiswahili unaoitaja Tanga unaweza kufika kwenye simu ya binamu yako kesho asubuhi, na hapo watu watajua. Muda uliompa mumeo hadi mwisho wa mwezi, umempa ili siri yako isitoke.

Ndoa nyingi ninazoandikiwa siku hizi zinaumwa ugonjwa huu. Watu hawaulizani tena kama nyumba ina upendo na chakula. Wanauliza kama mwenzao anapendeza kuelezwa mbele ya wengine. Mume ameacha kuwa mume, amekuwa jibu la swali la harusini: anafanya nini, ofisi gani, cheo gani. Mama zetu hawakuwa hivyo. Wewe umetoka Tanga, mji wa Atomic Jazz na wa taarabu ya Black Star, mji ambao watu wake walijua kwamba mtu anaweza kuwa na kazi yake mchana na sauti yake usiku. Nchi yetu nzima ililelewa hivyo. Polisi Jazz walikuwa askari polisi, na NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Hakuna aliyemwambia askari achague kati ya gwanda na gitaa, wala sijasikia kwamba wake zao walizificha kazi za waume zao.

Hata hivyo, sitamwachia mumeo bila kumdai. Yapo mambo ya haki unayoweza kumtaka, na ninashangaa kwamba hukuyataja hata moja. Mtake akuonyeshe kwa maandishi anapata kiasi gani kwa kila onyesho, kiasi gani katika kuuza fulana, na bendi imekula kiasi gani, kwa sababu mke hapaswi kukisia fedha za nyumba yake. Mwulize kuhusu bima. Marekani wanamieleka kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni watu wa kujitegemea na si waajiriwa, na anayepigana katika maonyesho madogo akivunjika shingo gharama humwangukia yeye na mkewe. Kama hana bima ya afya na ya maisha, basi hiyo ndiyo iwe tarehe ya mwisho wa mwezi, wala isiwe ya kuchagua kati yako na gitaa. Mtake mwisho mmoja wa wiki kila mwezi awe nyumbani, asiende ulingoni wala kwenye banda. Na mwulize kwa upole ana mpango gani wa kupunguza mapambano bendi ikianza kujilipa. Mwanamume aliyejenga paa la ukweni hatakataa maswali hayo akiulizwa na mke asiyemtishia.

Kile kitisho ukiondoe leo. Usimwambie kwamba umesamehe, maana hakuna alichokukosea. Mwambie kwamba ulisema kwa hasira na umeyafuta. Kisha mpigie mama yako, umweleze kwa maneno yako mwenyewe mkwe wake anafanya kazi gani na bati zile zimetoka wapi. Huenda akacheka. Huenda pia akakuambia kwamba anajua tangu zamani, maana mkwe anayemaliza paa hupiga simu kuulizia fundi.

Limebaki jambo moja ambalo umelipita kwa nusu sentensi, nami limenizuia kulala. Mtu aliyezaliwa na Wakongo wa Bukavu, anayeishi Atlanta, akiwa amesimama mbele ya Wamarekani wasiojua neno la Kiswahili, angeweza kuimba kuhusu jambo lolote duniani, hata kuhusu Bukavu ya wazazi wake. Ameimba kuhusu Tanga. Katika ukumbi ule hakuna anayejua Tanga ni nini, na mtu pekee ambaye angejua hajawahi kuniandikia kwamba alikwenda kumsikiliza. Hukuniambia hata wimbo wenyewe unasema nini, na ninachelea kwamba hujausikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi hii watafutie watoto mtu wa kukaa nao, umchukue mavyaa mwende pamoja. Mkae safu ya mbele, wewe na yeye bega kwa bega, na wimbo huo utakapoanza usiinamishe macho.