Mikono Juu, Miguu Kwenye Alama: Maswali Yenu Kuhusu Upekuzi Katika Viwanja vya Ndege vya Marekani

Juzi niliandika, kwa sentensi moja tu, kwamba abiria nchini Marekani anaweza kukataa kupita kwenye skana ya mwili. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua hizi, nimezifupisha, na matusi waliyotukanwa maafisa wa TSA nimeyaacha kapuni. Kwa asiyeijua, TSA ni mamlaka ya usalama wa usafiri iliyoundwa Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Ndio wale wenye mashati ya buluu.

*

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, navaa buibui na ushungi. Nakwenda Seattle kuwaona wajukuu. Watoto wananiambia kuna mashine ya vioo inamwona mtu kama alivyozaliwa. Ni kweli? — Mama wa Muscat

Shikamoo mama. Hutaonwa uchi. Ila watoto hawakuzusha. Habari yao ilikuwa kweli, sasa imepitwa na wakati.

Siku ya Krismasi mwaka 2009, kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa na baruti aina ya PETN ndani ya chupi yake. Haikulipuka ilivyokusudiwa, ilimuunguza yeye na abiria wakamdhibiti. Lango la kutambua chuma haliwezi kuona unga, kwa hiyo serikali ya Marekani ikaharakisha kuweka skana za mwili. Zilikuwa za aina mbili, moja ikitumia eksirei na nyingine mawimbi ya redio, na zote zilitoa picha ya umbo la mtu chini ya nguo zake. Afisa alikaa kwenye chumba cha pembeni akiitazama. TSA ilijitetea kwamba sura inafichwa na kwamba anayetazama picha hakutani na mwenye mwili. Utetezi huo haukumtuliza mtu. Anayekutazama bila wewe kumwona si nafuu hata kidogo.

Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini likatoa fatwa kwamba mashine hizo zinavunja mafundisho ya staha, likawashauri Waislamu waombe kupekuliwa kwa mkono na afisa wa jinsia yao. Mwezi huohuo Papa Benedikto wa 16, akizungumza na wafanyakazi wa viwanja vya ndege, alisema utu wa mtu ulindwe hata pale penye tishio la ugaidi. Mashine hakuitaja, lakini kila aliyesikiliza alielewa. Miezi michache baadaye ikabainika kuwa skana ya jamii hiyo katika mahakama moja ya shirikisho huko Orlando, Florida, ilikuwa imehifadhi picha zaidi ya 35,000. Haikuwa ya TSA, lakini wananchi walikuwa wakihakikishiwa kwamba picha hazihifadhiwi, na hapo uaminifu ukaisha.

Malalamiko yakazaa matunda. Mwaka 2011 ilianza kuwekwa kwenye mashine programu ambayo haitoi picha ya mtu. Inachora kikaragosi kimoja kwa watu wote, mnene kwa mwembamba, na kuweka kisanduku cha njano mahali panapotiliwa shaka. Bunge la Marekani likaifanya kuwa sheria mwaka 2012. Aliyetengeneza mashine za eksirei alishindwa kutimiza sharti hilo, na kufikia katikati ya 2013 zote zilikuwa zimeng'olewa viwanjani. Skrini ya leo iko palepale kando ya mashine, hata wewe unaweza kuiona.

Kuhusu ushungi: una haki ya kubaki nao. Huenda ukapapaswa kichwani juu ya kitambaa, na mwanamke mwenzako. Wakisema bado kuna shaka na lazima uvuliwe, dai chumba cha faragha; ni haki yako. Ingia na binti yako, au jamaa yeyote unayesafiri naye, awe shahidi.

*

Nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu anasema nipite tu, mama mkwe anasema nisithubutu. — Mjamzito, Houston

Kwa hili namuunga mkono mume, ila kwa heshima zote kwa mama mkwe, ambaye huenda alisoma habari za mashine za zamani. Zile za eksirei hazipo tena katika viwanja vya ndege vya Marekani, na Umoja wa Ulaya ulizikataa Novemba 2011. Hata hizo, kipimo chake kwa kupita mara moja kilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya maikrosiveti (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), wakati saa moja tu ya kuwa angani kwenye ndege kubwa hukupatia maikrosiveti 3 au zaidi, kutokana na mionzi ya anga. Skana za sasa hutumia mawimbi ya redio ambayo hayana nguvu ya kuharibu chembe za mwili. Kama ni mionzi inayokutisha, safari yenyewe ndiyo ya kujadiliwa na daktari.

Lakini kukataa ni ruhusa, na hudaiwi sababu.

*

Kila nikisuka rasta, kile kisanduku cha njano kinatokea kichwani. Afisa anavaa glovu na kuingiza vidole kwenye nywele zangu mbele ya foleni nzima. Mwenzangu wa Kizungu mwenye nywele hadi kiunoni hajawahi kuguswa. Najidanganya? — Dada wa Columbus, Ohio

Hujidanganyi, na si wewe peke yako. Mwanasayansi mmoja mweusi wa California alipekuliwa nywele mara mbili katika safari moja, akalalamika kupitia chama cha kutetea haki za raia, ACLU. Mwaka 2015 TSA ikakubali kuwafundisha upya maafisa wake na kufuatilia malalamiko ya aina hiyo. Miaka minne baadaye waandishi wa ProPublica wakachunguza na kukuta hali ileile: mashine inapiga kengele za uongo kwa misuko, rasta, afro na mafundo, na pia kwa vilemba vya Masingasinga.

Sababu ni ya kiufundi, lakini haimwondolei mtu lawama. Mawimbi yale hupita kwenye nguo na kurudishwa na ngozi. Kinachokaa kwa unene juu ya ngozi, kama msuko mzito, fundo, hata mkunjo wa kitambaa au jasho, huwa kama kitu kigeni kwa programu. Programu hufundishwa nini ni cha kawaida. Anayeifundisha akisahau kwamba nusu ya dada zetu wanasuka, basi msuko utakuwa si wa kawaida mpaka kesho. Ujerumani ilizijaribu mashine hizi Hamburg, na mwaka 2011 ikaamua kutozisambaza kwanza kwa kuwa kengele za uongo zilikuwa nyingi mno. Marekani ilikuwa imeshanunua.

La kufanya: siku ya safari usifunge fundo kubwa juu ya utosi, ziache nywele zianguke au uzifunge chini kwa ulegevu, toa pini za chuma. Kabla hajakugusa, mwambie avae glovu mpya. Hiyo ni haki yako, na kama alikuwa ametoka kupekua viatu vya mtu utafurahi uliiomba. Ukipenda, dai mkafanyie pembeni. Wapo wanaopenda hadharani, ili foleni iwe shahidi. Kisha andika malalamiko, kila mara. Najua inachosha, lakini yale makubaliano ya 2015 yalitokana na mtu mmoja aliyekataa kuchoka.

*

Nikikataa skana, nini kinafuata? Na nikiona upapasaji umezidi, naweza kusema basi, nabadili mawazo, narudi nyumbani? — Kijana, Minneapolis

Swali la pili ndilo la hatari, nianze nalo. Hapana. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa, katika kesi iliyoanzia uwanja wa Honolulu, ilisema mtu akishaingia kwenye ukaguzi hawezi kujitoa katikati. Hoja yao: ingekuwa hivyo, mwenye bomu angejaribu, akiona anakaribia kukamatwa anaondoka, kesho anajaribu uwanja mwingine. Hoja ina mantiki, hata kama wewe huna bomu. Ukigeuza njia katikati unaweza kupigwa faini ya maelfu ya dola. Uamuzi wako ufanye nje ya foleni, si ndani.

Sasa la kwanza. Kabla ya kukanyaga zile alama za miguu, mwambie afisa kwa sauti ya kawaida kwamba unachagua kupekuliwa kwa mkono. Utasubiri kidogo, aitwe afisa mwanamume. Usikubali begi lako na simu vikae mwisho wa mkanda usipoviona, waombe wavilete. Afisa anatakiwa akueleze kila anapokwenda kugusa kabla hajagusa. Atapita mikono mgongoni, kiunoni ndani ya ukingo wa suruali, na miguuni kutoka chini mpaka mkono ugote kwenye paja. Tangu 2017, TSA ilipounganisha aina tano za upapasaji kuwa moja, umekuwa mkali kuliko wa zamani, na waliozoea ule wa mgongo wa kiganja walishtuka. Mwisho glovu zinapanguswa na kupimwa kama zina mabaki ya baruti.

Hapo ndipo watu wengi wanaponiuliza: huo ni uhuru gani, kuchagua kati ya kutazamwa na kushikwa? Walioishtaki serikali, shirika la kutetea faragha la EPIC, waliuliza vivyo hivyo. Mahakama ya rufaa ya Washington ikajibu Julai 2011 kwamba mashine ni halali, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba abiria anaweza kuchagua mkono. Ila iliikaripia TSA kwa kuziweka bila kwanza kupokea maoni ya wananchi, kama sheria inavyotaka. Kanuni kamili ilitoka 2016! Miezi michache kabla yake, Desemba 2015, TSA ilikuwa imejiongezea kipengele: baadhi ya abiria wanaweza kulazimishwa kupita kwenye skana hata wakikataa. Ukiambiwa hivyo, omba kuzungumza na msimamizi.

*

Baba yangu ana mfuko wa mkojo baada ya upasuaji. Anasema bora asisafiri kuliko kudhalilishwa. — Binti, Dallas

Mpe pole mzee. Hofu yake ina historia: Novemba 2010, Detroit, manusura mmoja wa saratani ya kibofu alipapaswa kwa pupa mpaka mfuko wake ukaachia, akapanda ndege nguo zikiwa zimelowa. Mkuu wa TSA wakati huo, John Pistole, alimpigia simu kumwomba radhi.

Mambo matatu. Piga simu kwenye huduma ya TSA ya kusaidia wagonjwa na wazee saa 72 kabla ya safari, aandaliwe mtu wa kumpokea. Mzee abebe kadi au karatasi fupi inayoeleza hali yake, aitoe kimya kimya, asilazimike kutangaza mbele ya wajukuu. Na ajue hili: hawana haki ya kumtaka auondoe mfuko wala auoneshe. Wanaweza kumwomba auguse mwenyewe juu ya nguo, kisha viganja vyake vipimwe. Basi.

Mwenye pampu ya insulini asome kwanza maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa baadhi hawataki ipitishwe kwenye skana.

*

Na watoto? — Baba wa watatu, Toronto

Wa miaka 12 kushuka chini hupekuliwa kwa wepesi zaidi, na mara nyingi hurudishwa tu kupita tena kwenye mashine badala ya kupapaswa. Usikubali mtoto atenganishwe nawe. Na habari njema kwa nyote: tangu Julai 2025 viatu havivuliwi tena kwa lazima, baada ya karibu miaka 20 ya soksi zilizotoboka.

*

Kaka, tuache utani. Haya yote si maigizo? — Mkereketwa, Mombasa

Sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 2015 ilivuja taarifa kwamba wakaguzi wa serikali yenyewe, wakijifanya abiria, walijaribu mara 70 kupitisha silaha na mabomu bandia, wakafanikiwa mara 67. Kaimu mkuu wa TSA akahamishwa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa vyuo vikuu vya San Diego, Michigan na Johns Hopkins walinunua skana ya eksirei iliyotumika, wakaonesha kwamba bastola ikiwekwa ubavuni, mahali fulani, haionekani. Na mzee Michael Chertoff, aliyewahi kuwa waziri wa usalama wa ndani, alikuwa akizipigia debe mashine hizi kwenye televisheni huku kampuni yake ya ushauri ikiwa na mtengenezaji wa mojawapo kama mteja.

Sisemi zing'olewe zote. Lango la chuma pekee lisingemkamata yule kijana wa Krismasi. Lakini pingamizi lililonikaa kichwani kuliko la mionzi, na hata kuliko la uchi, ni hili la bei: mtu ameombwa atoe staha yake ili apewe usalama, ana haki ya kuuliza kama amepewa huo usalama.

*

Afisa alinishika vibaya, kwa makusudi. Nani atanisikiliza? — Asiyetaka kutajwa

Pole sana. Kama yametokea leo, andika sasa hivi saa, namba ya lango, na jina lililo kwenye beji. Omba msimamizi, na kwa jambo la makusudi ita polisi wa uwanja. Picha za kamera hazitunzwi milele, kwa hiyo barua ya kuomba zihifadhiwe iende mapema. Zamani serikali ilikuwa ikijikinga kwamba maafisa hawa hawashtakiki kwa makosa ya namna hii, lakini mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Philadelphia iliamua kwamba wanaopekua abiria wanahesabika kama maafisa wa kusimamia sheria, na kwamba serikali inaweza kudaiwa kwa waliyoyatenda. Dai rasmi linapelekwa kwanza kwa TSA yenyewe, ndani ya miaka 2 tangu tukio. Tafuta wakili kabla ya kulijaza.

*

Walinipangusa viganja kwa kitambaa, mashine ikalia! Mimi ni fundi cherehani tu. — Fundi, Louisville

Ulipaka nini asubuhi? Mafuta ya mikono yenye gliserini huweza kuichokoza ile mashine. Safari ijayo nawa kwa sabuni uwanjani, kabla ya foleni, upake ukishavuka.