Mzee wa Waterloo na farasi wake

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimekutana na picha ya kuchora ya Duke wa Wellington, yule jenerali wa Uingereza aliyempiga Napoleon, kasimama uwanja wa vita wa Waterloo kule Ubelgiji, mkono kauweka shingoni kwa farasi, ila uso ni wa kizee kabisa. Nikapiga hesabu, vita 1815, yeye kazaliwa 1769, si alikuwa na miaka 46 tu? Mchoraji kachemka au mimi ndo sijui hesabu? Na kile kilima huko nyuma ni cha nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hesabu yako iko fiti ndugu yetu. Ile picha sio ya siku ya vita, Benjamin Robert Haydon kaichora 1839, watu wa Liverpool ndo waliiagiza, akamuwaza mzee karudi Waterloo kama miaka 20 baadaye, na uzee ule sio wa kubuni maana Haydon alimfuata Walmer Castle, ngome aliyokuwa anakaa Duke kule Uingereza, akamchora pale, Duke keshagonga 70.

Chumvi iko kwa farasi sasa. Yule ni Copenhagen, ndo aliyembeba siku nzima ile tarehe 18 Juni, lakini alikufa 1836 akazikwa kwa heshima za kijeshi kwenye shamba la Duke kule Stratfield Saye, yani picha inachorwa mwenzake yuko kaburini mwaka wa tatu. Na ule mkono shingoni mi ndo unanichekesha, coz usiku ule baada ya vita Duke alivyoshuka akampigapiga mgongoni kama kumwambia ahsante, farasi akarusha teke nusura limpate. Umepita kwenye mizinga mchana kutwa huna hata mkwaruzo halafu uje umalizwe na farasi wako mwenyewe, we acha tu!

Kilima kinaitwa Kilima cha Simba, kina urefu wa mita 40 hivi na juu kuna simba wa chuma. Willem I, mfalme wa Uholanzi, aliamuru kijengwe pale alipojeruhiwa mwanae, kikaisha 1826. Shida ni udongo, waliuchota palepale uwanjani, kwenye ule mwinuko ambao Wellington alikuwa anawaficha askari wake nyuma yake, kwa hiyo ukienda leo ardhi yenyewe sio ile tena. Wanasema Duke alivyokiona akalalamika kwamba wamemharibia uwanja wake, na sishangai.

Ila kurudi alirudi kweli, 1821, hata hicho kilima bado, akampeleka mfalme wa Uingereza, George IV, na mvua inanyesha. Duke anaeleza weee, huku walikaa hivi, kule walishambulia vile, mfalme kimya tu kama hayamhusu, mpaka alipoonyeshwa mahali ulipozikwa mguu wa Lord Uxbridge, kamanda wa askari wa farasi wa Duke, uliokatwa siku ile ya vita, hapo ndo akaangua kilio. Mi ningekuwa Haydon ningechora hiyo.