Muulize Fundi: Ndege iliyombeba babu peke yake

SWALI: Shikamoo Fundi. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, akapigana Burma. Alisimulia kwamba alipopigwa risasi ya paja kwenye bonde la Kabaw, alichukuliwa na ndege ndogo akiwa mgonjwa peke yake, amelala chali, mlango ukafungwa ubavuni mwake. Wajomba zangu wanasema mzee alitia chumvi: Mzungu gani angetuma ndege ya vita kumchukua askari mmoja Mwafrika? Babu alifariki zamani. Nani mkweli?
*Mjukuu wa Keya, Songea*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wajomba zako wamwombe marehemu radhi.

Mimi nimezeekea kwenye ufundi wa ndege ndogo, na kilichonishika katika barua yako ni huo mlango. Anayetunga hadithi ya ndege ya vita huipa mizinga na mabomu. Mlango wa kuingizia machela hautungiki, lazima uwe umeuona.

Ndege inayofanana na maelezo ya babu ni Stinson L-5 Sentinel ya Marekani. Ina bawa juu ya kichwa, injini moja ya Lycoming yenye nguvu farasi 185, na mwili wa mabomba ya chuma uliovikwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa! Silaha haikuwa nayo. Mwanzoni ilikuwa na viti viwili, rubani mbele na mwenzake nyuma. Kuanzia toleo la L-5B wakaweka mlango mkubwa nyuma ya chumba cha rubani, machela ikawa inasukumwa ndani pamoja na mgonjwa wake. Nafasi ilikuwa ya machela moja tu, awe Mwafrika, Mhindi au jenerali. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkubwa, na mshahara wa askari wetu haukukaribia ule wa Mzungu. Ila kusafiri peke yake hakukuwa heshima ya pekee. Ndivyo chombo kilivyoundwa.

Sasa kwa nini chombo kama hicho? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilianza kushuka bonde la Kabaw kutoka mji wa Tamu mwezi Agosti 1944, katikati ya mvua za monsuni. Ndani yake zilikuwemo batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36, pamoja na ndugu zao wa Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Barabara iligeuka uji wa tope. Chakula na risasi vilidondoshwa na Dakota, nayo ni ndege kubwa, haitui kwenye upenyo wowote wa msitu. Majeruhi alibebwa begani na wenzake, wanne kwa machela moja, na wengine wa kupokezana nyuma yao, huku malaria na homa ya utitiri wa vichakani zikiwapunguza hao wabebaji wenyewe. Jirani yangu mmoja, naye wa Burma, Mungu amrehemu, alikuwa akisema risasi aliizoea, ila alichoomba ni asivunjike mguu mbali na uwanja wa ndege.

Sentinel ilitosheka na kiwanja cha mita mia chache kilichofyekwa na kusawazishwa. Ilimpeleka majeruhi hadi uwanja mkubwa, na hapo Dakota ikamchukua kwenda hospitali. Mwendo wa siku kadhaa kwenye tope ukawa wa dakika. Vitabu huisifu Dakota, na inastahili, lakini mimi ningempa nishani rubani wa hiki kijidege kwanza.

Msichanganye na Auster ya Waingereza, nayo ya bawa la juu, iliyokuwa Burma na Skwadroni ya 656 kuwaongoza wapiga mizinga. Babu alilala chali, kwa hiyo kura yangu ni Sentinel. Tafuteni cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kikionyesha batalioni, mtajua alipita Kabaw au la. Mkikipata, kitoeni nakala kabla mchwa hawajakiona.

SWALI: Fundi, hawakuwa na helikopta?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Walikuwa nazo chache mno. Mwezi Aprili 1944, ndege nyingine ndogo, L-1 Vigilant, kubwa kidogo kuliko Sentinel, ilianguka nyuma ya mistari ya Wajapani ikiwa na majeruhi watatu wa Kiingereza. Luteni Carter Harman wa Marekani akaenda kuwatoa, wao na rubani wao, kwa helikopta ya Sikorsky YR-4B. Kwa joto lile injini ilizidiwa, ikabidi ipumzishwe usiku kucha ndipo amalizie kesho yake. Na kila safari alibeba mtu mmoja tu.